Antivirusi tatu nyumbani, na kila moja ina mtetezi wake

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, mama wa watoto wawili. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini kwangu limeshaanza kuleta maneno ndani ya nyumba.

Tuna laptopu moja, tuliinunua Kariakoo ikiwa imetumika. Ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Ni ya nyumba nzima. Mimi natungia mitihani humo, na ndimo ninamoweka hesabu za kikoba chetu, kwa sababu mimi ndiye mweka hazina: hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho, namba za simu, pamoja na nakala za vitambulisho vya NIDA vya waliokopa na wadhamini wao. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasomea humo humo, na akimaliza kusoma anapakua michezo. Mume wangu anaangalizia mpira.

Shida ilianzia kwenye flash. Mitihani naiandika nyumbani, ila kutoa kopi lazima niende steshenari. Siku hiyo nilirudi, nikachomeka flash, nikakuta kila folda imegeuka shotikati, ina kale kamshale kadogo pembeni. Ukibofya, kinafunguka kidirisha cheusi na kupotea papo hapo. Nilijua mtihani wa majaribio wa darasa la saba ndiyo umekwenda.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ana kibanda cha ufundi wa kompyuta karibu na stendi ya Msamvu. Alikuja usiku ule ule, akaandika maneno kwenye kile kidirisha cheusi, folda zikarudi zote. Hakuchukua hata senti. Kisha akasema mashine haina kinga ya maana, akatuwekea antivirusi moja ya kulipia, yenye jina kubwa. Ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe kwenye flash yake. Ili iingie ilibidi kwanza azime kinga ya Windows, maana ilikuwa inaikatalia.

Tangu hapo mashine imekuwa nzito. Naiwasha, nabandika chai, nakunywa nikamaliza, yenyewe bado inahangaika. Na siku hizi kila asubuhi linatokea dirisha jekundu upande wa kulia, lina Kiingereza kingi, linanitaka nifanye upya kitu nisichokijua. Nalifunga naendelea na kazi.

Binti yangu yuko chuo Dodoma, anasoma mambo ya kompyuta. Alipokuja likizo akaliona lile dirisha, akasema, "Mama, hii imekrakiwa. Itoe kabisa. Windows ina kinga yake, ni ya bure na inatosha." Alitaka kuitoa palepale, nikamzuia. Shemeji angekuja akakuta kazi yake imefutwa na mtoto, ningemwambia nini?

Dada yangu naye yuko Marekani, Ohio. Nilipomsimulia alishtuka, akasema vya bure vina gharama zake na vya kukraki ndiyo usiseme. Ametuma pesa ninunue antivirusi halali ya mwaka mzima, na akasisitiza: "Yoyote, isipokuwa Kaspersky. Huku imepigwa marufuku." Nimeenda dukani mjini, na muuzaji akanionyesha boksi la hiyo hiyo Kaspersky, anasema ndiyo inayotoka sana. Nilipomuuliza kuhusu marufuku, akajibu kwamba hiyo ni siasa ya wakubwa, sisi haituhusu. Walimu wenzangu wawili wanatumia Avast ya bure na wanaisifia.

Mume wangu anasema nimwachie mdogo wake, yeye ndiye fundi. Na kama pesa ya dada ipo, anasema, kuna ada ya mtoto.

Mshauri, nikifuata ya binti, nimemdharau shemeji. Nikibaki na ya shemeji, dada atauliza pesa yake imekwenda wapi. Nikinunua, ninunue ipi? Au niweke mbili kwa pamoja ili kila mtu aridhike? Ninachokiogopa zaidi ni kikoba. Kina mama wale hawana habari kwamba vitambulisho vyao viko kwenye mashine inayogombaniwa. Na mgawo wetu ni Desemba.

Mama wa Morogoro


Dada yangu,

Barua yako ina swali moja la kompyuta na matatu ya undugu. Shemeji ametoa usiku wake, binti ametoa elimu yake, dada ametoa pesa yake, na kila mmoja amefanya hivyo kwa kukupenda. Ndiyo maana uamuzi umekuwa mzito: kuikataa antivirusi ya mtu unaiona kama kumkataa mwenyewe. Halafu juu ya hayo yote kuna amana ya watu. Una haki ya kuhangaika, na nimefurahi kwamba umehangaika mapema, kabla ya Desemba.

Nianze na lile jepesi. Kuweka mbili kwa pamoja hakutamridhisha mtu. Kila antivirusi inataka kulikagua faili kabla halijafunguka, na zikikutana mbili kwenye faili moja zinazuiana. Mashine inaganda, na wakati mwingine moja inaishika nyingine ikidhani ndiyo mdudu. Kwa RAM ya GB 4 usingepata hata nafasi ya kuandika. Windows yenyewe inalijua hilo: ikiona umeweka antivirusi ya kampuni nyingine, inazima ukaguzi wake na kumwachia mgeni kazi. Hilo lina maana kubwa kwa hali yako, kama utakavyoona.

Sasa naomba tuzungumze kidogo kuhusu kile alichokiweka shemeji. Sina shaka na nia yake. Mafundi wengi mitaani wanafanya hivyo hivyo, kwa sababu mteja anataka kitu chenye jina na hataki kulipa leseni. Lakini fikiria mpangilio wa kazi yenyewe: mtu anaomba umwondoe mlinzi getini ili akuletee mlinzi mwingine ambaye hamumjui alikotoka. Programu iliyokrakiwa imefunguliwa na mkono wa mtu fulani, akaibadilisha, akaisambaza bure. Aliongeza nini humo ndani? Shemeji hawezi kukwambia, kwa kuwa naye aliipokea hivyo hivyo. Virusi vinavyoitwa STOP, au Djvu, ambavyo hufunga picha na hati za mtu na kumdai pesa ili azifungue, vimeenea kwa miaka kadhaa kwa njia hiyo hasa: programu za kukraki na vile vifaa vya kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane imelipiwa. Waathirika wake wengi walikuwa watu wa majumbani kama wewe na mimi.

Huenda nakala ya shemeji haina kitu kibaya. Hata hivyo kuna shida ya pili. Kampuni ikigundua ufunguo mmoja unatumika kwenye mashine nyingi, inaufunga. Baada ya hapo antivirusi inabaki na orodha ya virusi vya zamani na haipati vipya. Lile dirisha jekundu la asubuhi linafanana sana na la leseni iliyokufa au inayokaribia kufa. Ikiwa ni hivyo, unaweza kuwa na mashine yenye antivirusi isiyojifunza tena, na kinga ya Windows imekaa pembeni. Usibahatishe, angalia. Pale chini kulia, karibu na saa, kuna alama ya ngao. Ibofye, kisha ingia sehemu inayohusu virusi. Utaona jina la antivirusi inayotambuliwa kwenye mashine yako, na kama imewashwa na kupata taarifa mpya au la. Ukiona alama nyekundu au ya njano hapo, utakuwa na la kumweleza shemeji bila kusema "binti amesema".

Binti yako ana hoja nzuri, ila nadhani hajaimaliza. Miaka ya nyuma, Microsoft ilitoa antivirusi yake ya bure mwaka 2009, na miaka michache baadaye ikawa inapata alama za chini kwenye majaribio. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, kinga hiyo ikawa inakuja ndani ya Windows yenyewe, na leo inaitwa Microsoft Defender. Zipo maabara zinazofanya kazi ya kuzipima hizi programu, maarufu zikiwa AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Katika miaka ya karibuni Defender imekuwa ikipata alama za juu, sambamba na za kulipia. Kwa hiyo ile dhana kwamba cha bure lazima kiwe dhaifu, hapa haisimami.

Lakini mwulize binti mambo haya. Defender inategemea sana intaneti: ikikutana na faili isilolijua, huuliza huko kwenye mitambo ya Microsoft. Bila mtandao, uwezo wake wa kushika virusi hupungua zaidi kuliko baadhi ya wapinzani wake. Je, bando la nyumbani linakuwepo wakati unapochomeka flash uliyotoka nayo steshenari? Ukiiruhusu laptopu ipate taarifa zake kila siku, hata kwa kuiunganisha na simu kwa muda mfupi, shida hii inapungua. Pia ina kipengele cha kuzuia programu ngeni zisiguse folda za hati zako, kinga nzuri dhidi ya wale wanaofunga mafaili na kudai pesa, lakini huja kikiwa kimezimwa na mtu lazima akiwashe mwenyewe. Na kuna hili, ambalo hata wanafunzi wa kompyuta hulisahau: vifaa vya kukraki mara nyingi huandika ndani ya Defender orodha ya vitu visivyopaswa kukaguliwa. Ukimtoa mgeni wa shemeji na kuirudisha kinga ya Windows bila kuifuta orodha hiyo, umeirudisha ikiwa imefumbwa jicho moja.

Lililonishtua zaidi kwenye barua yako, hata hivyo, umelitaja kwa kupita: Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Kinga yake ya virusi itaendelea kupewa taarifa mpya hadi Oktoba 2028, lakini kuzibwa kwa matundu ya Windows yenyewe, yaani kasoro ambazo wadukuzi hupitia, ni jambo jingine, na antivirusi haizibi matundu hayo. Unakumbuka WannaCry? Mei 12, 2017 virusi hivyo vilianza kufunga kompyuta, vikafika zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka cha tundu vililopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka ule ule. Waliokuwa wamekiweka, tundu lile lilikuwa limeshazibwa kwao. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya jina la antivirusi, nyumba yenu inabidi ijue laptopu hii inapata viraka au haipati.

Hapo zipo njia kadhaa, na kila moja ina bei yake. Upo mpango wa kuongezewa muda wa viraka vya Windows 10, uliotangazwa kufika Oktoba 2026: unajiunga bila malipo kwa kuiunganisha mashine na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yake ihifadhiwe huko, au kwa kulipa dola 30 za Marekani. Njia nyingine ni kuhamia Windows 11, ila inadai prosesa ya karibuni na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na laptopu ya kabla ya mwaka 2018 kwa kawaida haikidhi. Kuna pia Linux, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, kwa mfano Mint au Ubuntu, ambayo ni ya bure na nyepesi kiasi, lakini utajifunza upya mahali pa kubofya, na kijana atalalamikia michezo yake. Zungumza na binti na shemeji wakiwa pamoja kuhusu hili. Hata ubishi wao hapa utakufaa.

Nije kwa dada. Anachosema kuhusu Kaspersky ni kweli kwa nchi anayoishi. Juni 2024 Wizara ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku. Kuanzia Julai 20 haikuruhusiwa kuuzwa kwa wateja wapya, na kuanzia Septemba 29 haikuruhusiwa hata kupeleka taarifa zake mpya kwa mashine za huko. Hoja ilikuwa kwamba kampuni ina makao yake Moscow na serikali ya Urusi inaweza kuilazimisha. Kampuni ilikanusha. Miaka miwili kabla ya hapo, Machi 2022, mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani nayo ilikuwa imewashauri watu waiache. Sasa, sheria ya Marekani haikufungi wewe hapo Morogoro, na kwenye majaribio ya kushika virusi Kaspersky imekuwa ikifanya vizuri kwa miaka mingi. Muuzaji hajakudanganya kwa hilo. Ila kusema haituhusu kabisa ni kurahisisha mno. Antivirusi inaona kila faili kwenye mashine na ina mamlaka kuliko programu karibu zote. Kuuliza ni nani anaitengeneza na anawajibika kwa nani ni swali halali kwa kampuni yoyote, ya Urusi, ya Marekani au ya kwingineko.

Na swali hilo hilo linawahusu walimu wenzako. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5, kwa sababu ilikuwa inakusanya habari za tovuti wanazotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwaka 2020 baada ya mambo kufichuka, na Avast ikazuiwa kuuza habari za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo Avast ya leo inabanwa na amri ile. Unaweza kulichukulia hilo kuwa kinga au kuwa onyo, na watu wenye akili timamu wanatofautiana hapo. Ujue tu kwamba Avast, AVG, Avira na Norton zote sasa ni mali ya kampuni moja, Gen Digital. Anayekuambia hamisha kutoka AVG uende Avast amekuhamisha chumba, nyumba ni ile ile.

Ukitaka ya kulipia, ESET ya Slovakia na Bitdefender ya Romania nazo zina historia ndefu na zinapimwa mara kwa mara. ESET imezoeleka kusifiwa kwa kutoielemea mashine dhaifu, jambo ambalo kwako lina uzito. Lakini soma unachonunua. Sehemu kubwa ya bei mara nyingi ni ya vitu vya ziada: kinga ya simu, kuhifadhi maneno ya siri, kuchunga mtandao wa watoto. Kama vitakufaa, pesa haijapotea. Angalia bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza huwa imepunguzwa ili kukuvuta. Na dada asikununulie huko Ohio na kukutumia ufunguo kabla ya kuuliza, kwa kuwa leseni nyingine zimefungwa kwa nchi au eneo, zikifika hapa zinakataa. Akitumia kadi yake, kuna uwezekano wa kukatwa tena kimyakimya mwaka ujao.

Nimekueleza haya yote, lakini niruhusu niulize jambo ambalo hukuniuliza. Vitambulisho vya NIDA vya kina mama vinafanya nini ndani ya laptopu ya kuangalizia mpira? Sikulaumu, wahazini wengi wanaweka hivyo. Ila sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu na wenye funguo watatu, ili mtu mmoja asilifungue peke yake, na kikoba chenu bila shaka kinajua kwa nini. Nakala za vitambulisho zinaweza kukaa kwenye karatasi ndani ya sanduku lile lile, na kwenye kompyuta zikabaki hesabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama hakuna atakayekuja kukagua kikoba cha mtaani, wanachama wenyewe wana haki ya kujua vitu vyao vimewekwa wapi. Faili la hesabu nalo Excel inaweza kulifunga kwa neno la siri. Neno hilo aandikiwe mwenyekiti kwenye bahasha, kwa sababu ukilisahau hakuna wa kukufungulia.

Halafu kuna kupotea. Laptopu inaweza kuibiwa, kumwagiwa chai, au diski yake kufa tu. Antivirusi ya bei yoyote haikurudishii mahesabu. Diski ya nje, inayochomekwa kila baada ya kikao, ikanakiliwa, kisha ikachomolewa na kuwekwa kabatini, inakurudishia. Kuichomoa ni muhimu, kwani virusi vinavyofunga mafaili hufunga na kilichochomekwa.

Flash nayo ina dawa rahisi kuliko unavyodhani. Mtihani usiende steshenari kwa flash yenye maisha yako yote. Tenga moja iliyo tupu, weka PDF moja unayotaka ichapwe, na ukirudi ifute yote kabla hujaitumia tena. Au mtumie mwenye duka kwa barua pepe au WhatsApp, kama unamwamini kwamba mtihani hautavuja; kwa mwalimu hilo ni swali zito kuliko virusi. Ukiona tena kale kamshale usikabofye. Shotikati ile ina ukubwa wa kilobaiti moja au mbili tu. Folda zako halisi zimefichwa pembeni yake, na alichoandika shemeji kwenye kidirisha cheusi kilikuwa amri ya kuzifichua. Mwambie akufundishe, itakuwa njia nzuri ya kuanza mazungumzo.

Kijana pia mtengenezee akaunti yake kwenye laptopu, isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Michezo ya kupakua hovyo inaingiza wadudu sawa na flash. Na kikoba chenu kinaweza kuibiwa bila kompyuta kuguswa: zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinatembea kila siku, na hakuna antivirusi inayozishika. Wanachama wakubaliane kwamba namba ya kupokelea pesa haibadilishwi kwa meseji, inabadilishwa kikaoni.

Sasa shemeji. Umeogopa kwamba ataona umemdharau, lakini sijaona kwenye barua mahali ambapo yeye amesema hivyo. Huenda unamjua kuliko mimi. Huenda pia hajawahi kuambiwa kwamba humo ndani kuna pesa za kina mama. Alipigiwa simu kuhusu flash, akatibu flash. Ungeweza kumwambia hivi, mume wako akiwepo: "Shemeji, mashine hii imebeba kikoba cha watu. Likitokea la kutokea nitaulizwa mimi. Nataka kila kilichomo kiwe na leseni halali, na ningependa wewe ndiye uniwekee." Hapo humwondoi kazini, unampa kazi kubwa zaidi: kutoa ile ya zamani vizuri, kuifuta ile orodha ya visivyokaguliwa, kuwasha viraka, kumfungulia kijana akaunti yake. Mlipe, hata kama atakataa mara ya kwanza. Binti akae naye pembeni, amsaidie. Mwulize shemeji pia kama Windows yenyewe ni halali. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au ya baada yake zina ufunguo halali umehifadhiwa ndani ya mashine, na inawezekana hamkuhitaji kukraki chochote.

Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kweli kununa, au akakubali kwa mdomo na kukuletea ufunguo mwingine wa aina ile ile. Hatari ya kumwacha binti afanye kimyakimya unaijua mwenyewe. Na hatari ya kubaki kama ulivyo mpaka Desemba, ndiyo ile inayokunyima usingizi. Wewe ndiye unayewajua watu hawa wote, kwa hiyo kupima uzito wa hizo tatu ni kwako.

Imebaki pesa ya dada. Aliituma kwa ajili ya antivirusi, na mume wako anaitaka kwa ada. Kuna uwezekano wa tatu, kwamba baada ya kukaa na fundi wako mtaona Defender inatosha na pesa ile inahitajika zaidi kwenye diski ya nje na kwenye SSD, yaani diski ya ndani yenye kasi zaidi, ambayo kwa laptopu inayochukua muda wa chai nzima kuwaka itabadilisha mambo kuliko antivirusi yoyote. Lakini hilo ni jibu la dada kulitoa. Mpigie, mweleze ulichokiona kwenye ile ngao karibu na saa, mwambie kuhusu Windows 10, kisha mwulize kama pesa inaweza kubadilishiwa kazi. Umpigie kabla hamjanunua kitu.

Mshauri wako